Ini la Plastiki

Samaki mwenyewe walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na macho ya mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kaka yake. Alikuwa besi, wale samaki wenye mdomo mpana unaopasuka hadi nyuma ya jicho, mzito kuliko mtoto mchanga, na mgongoni alichomekwa lebo ndogo ya njano yenye namba. Alikaa peke yake katika bwawa la tatu la kituo cha kuzalishia samaki. Wenzake wa rika moja walikwisha kufa kwa ugonjwa miaka miwili nyuma, na tangu hapo mayai yake ndiyo yaliyojaza mabeseni yote ya chumba cha vifaranga.

Jumanne asubuhi hakuwepo.

Aliyegundua ni msichana aliyemlisha, ambaye kituoni kote walimwita Kimya. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza, alipofika kutoka chuoni na cheti chake ndani ya bahasha, akawa hasemi mpaka asemeshwe, na akisemeshwa anajibu huku akiangalia viatu vya mwenzake. Kwa samaki hakuwa hivyo. Kila asubuhi alimkatia Shangazi vipande vya ini la ng'ombe, virefu kama kidole, akachuchumaa ukingoni na kugonga ndoo kwa mpini wa kisu mara tatu. Kabla ya pigo la tatu kutulia, Shangazi alikuwa amekwisha kupanda juu, mdomo wazi.

Jumanne hiyo aligonga mara tatu na maji yakakaa vilevile. Akagonga tena. Kisha akazunguka bwawa zima akiinama, mpaka akafika kwenye mlango wa kutolea maji.

Mlango ule ulizibwa kwa wavu wa chuma uliotiwa ndani ya fremu. Kona moja ya fremu ilikatwa ili kupitisha bomba. Ukiusimamisha vizuri, kona iliyokatwa hukaa juu, hewani. Ukiugeuza juu chini, kona hiyo huenda chini ya maji na kuacha tundu la ukubwa wa sahani. Jumatatu jioni Kimya aliutoa wavu ili ausugue ukoga. Akaitwa kusaidia kushusha magunia ya chakula, akarudi mbio, akaurudisha bila kuangalia. Sasa ulikuwa umesimama mbele yake juu chini, na maji yakipita kwenye lile tundu kuelekea mfereji, na mfereji ukielekea lambo kubwa lililokuwa chini ya kilima.

Alichofanya baadaye hakukifikiri. Mikono yake, ambayo ilifundishwa kwamba kitu kilichokaa vibaya kiwekwe sawa, iliutoa wavu, ikaugeuza, ikaurudisha. Ulipogota mahali pake ndipo akili ilipomfikia. Alikuwa amefuta kwa mikono yake ushahidi wa pekee wa jinsi Shangazi alivyotoka.

Alidhani atasema. Kweli alidhani hivyo. Lakini wafanyakazi walipopangwa mstari mbele ya ofisi, mkuu wa kituo hakuuliza nani alisugua wavu. Aliuliza nani alikuwa zamu ya ulinzi usiku.

"Mimi, mkuu," alisema mlinzi mzee.

Huyo waliyemwita Babu Filimbi alikuwa na miaka ishirini na sita langoni, na filimbi shingoni aliyoipuliza saa sita mchana kila siku kana kwamba watu hawana saa. Alibakiwa na miezi miwili astaafu. Yeye ndiye pekee aliyeweza kumchekesha Kimya. Alimwita "mjukuu wangu" tangu siku alipomkuta analia nyuma ya stoo kwa sababu mpishi alimwambia aongee kwa sauti.

"Haya magamba yaliyokutwa nyuma ya kibanda chako ni ya nini?" mkuu aliuliza.

"Ya perege. Nilimnunua Jumapili, nikamla Jumapili."

"Perege ana magamba, besi ana magamba. Mimi nitajuaje?"

"Ungemwonja ungejua, mkuu. Besi nasikia ana miiba michache."

Watu wawili walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu aliyekwisha kuandika kwenye ripoti kwamba msimu huu kituo kitatoa vifaranga elfu themanini, na vifaranga hao wote walikuwa ndani ya tumbo moja.

"Ijumaa saa sita mchana," alisema. "Samaki mwenye lebo awe hapa, au gari la polisi liwe hapa. Miaka ishirini na sita hainizuii."

Kimya alifungua mdomo, lakini mstari ulikuwa umeanza kutawanyika.

*

Jumatano waliteremka lamboni, Kimya na Babu. Mzee alidhani msichana amekuja kwa huruma, na Kimya hakumsahihisha. Alimwambia tu kwamba huenda samaki alipita mferejini.

"Kwa wavu gani, mjukuu wangu? Labda alikuwa na ufunguo."

Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Ufito wa kuvulia waliazimwa na mwanamke wa duka la vifaa vya uvuvi, aliyejulikana kwa jina la Mama Ndoana, pamoja na kijaluba cha minyoo ya plastiki ya rangi zote: myekundu, ya zambarau, yenye mikia inayotikisika. Babu alivua viatu ili nyayo zisisikike. Akamwonyesha Kimya kwa kidole mdomoni: kimya kabisa.

"Usinifundishe hilo," Kimya alinong'ona, na mzee akajiziba mdomo asicheke.

Mahali mfereji ulipoingia lamboni palikuwa na visiki vya miti iliyozama zamani, vyeusi, vikichungulia juu ya maji. Mnamo saa nne wakamwona. Kitu cha njano kilipita kati ya visiki viwili, polepole, kikageuka, kikazama. Babu alimshika Kimya mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma.

Yuko hai, basi. Lakini kuwa hai na kukubali kushikwa ni mambo mawili. Wavu wa kuvuta usingepita kwenye visiki. Walimtupia mnyoo mwekundu, akaupita. Wa zambarau, akaupita. Besi wadogo wa lamboni waliiparamia ile minyoo kama watoto walioona pipi, na kila mmoja Babu alimfungua kwenye ndoana na kumrudisha akiguna. Wakajaribu ini lenyewe, ini la kweli. Kambare walilinyang'anya kabla halijagusa chini. Mara sita waliliweka, na mara sita ndoana ilirudi tupu, isipokuwa ile iliyorudi na kambare.

Alhamisi asubuhi Kimya alijikaza akaenda ofisini. Alisimama mlangoni mpaka mkuu alipochoka kumwona.

"Sema."

"Wavu wa bwawa la tatu," alisema, "niliuweka juu chini. Mimi. Jumatatu."

Mkuu aliweka kalamu chini. Alimtazama, na uso wake ukalainika, jambo lililokuwa baya kuliko hasira.

"Binti, una moyo mzuri. Lakini kila mtu hapa anajua yule mzee anakuita mjukuu. Chai mnakunywa pamoja."

"Ni kweli, mkuu, ila wavu..."

"Wavu niliuona kwa macho yangu Jumanne saa mbili. Ulikuwa umekaa sawasawa."

"Niliugeuza."

"Kwa nini uugeuze?"

Kwa kuwa ulikuwa umekaa vibaya. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na hata yeye aliposikia likisemwa kwa sauti yake ndogo, alijua lingemfanya mtu yeyote atikise kichwa. Mkuu alitikisa kichwa. Akamwambia afunge mlango taratibu.

Alifunga taratibu. Akatoka hadi barabarani, akaendelea kutembea, hajui aendako, mpaka akajikuta mbele ya duka la Mama Ndoana.

Mama Ndoana alikuwa uani, amejifunga kitambaa puani, anakoroga plastiki kwenye sufuria ya alumini. Minyoo ile ya plastiki alikuwa akiitengeneza mwenyewe. Plastiki huanza nyeupe kama maziwa, ikipata moto ikang'aa kama asali, ndipo humwagwa kwenye kalibu za plasta zinazoipa umbo. Alimwangalia Kimya mara moja akapunguza moto.

"Hajashikwa."

"Hajashikwa."

"Minyoo yangu yote?"

"Anaipita tu. Anaitazama halafu anaipita."

Mama Ndoana alionekana kuumia kidogo. "Huyo samaki wenu amedekezwa. Anataka na kitambaa cha mezani." Kisha akafikiri. "Hebu. Maisha yake yote amekula nini?"

"Ini."

"Mnyoo ameuona wapi?"

"Hajawahi."

"Sasa ataulaje? Mimi mwenyewe ukiniwekea kitu nisichokijua, nitakuuliza kwanza ni nini. Yeye hawezi kuuliza. Mwekee ini."

"Tumeweka, mama. Kambare wanalimaliza. Limelainika mno, halikai hata..." Machozi aliyoyazuia tangu Jumanne yalitoka yote kwa pamoja, na Mama Ndoana hakumwambia anyamaze. Alisimama na mwiko mkononi akiangalia sufuria yake.

"Nenda buchani," alisema mwishowe. "Leta ini. Likatwe kama unavyomkatia wewe, si kama wanavyokata wao."

Kipande cha ini kikakandamizwa kwenye plasta mbichi, plasta ikakauka, ini likatolewa, likabaki shimo lenye umbo lake, hata ule mshipa mdogo wa pembeni ulionekana. Mama Ndoana alichanganya rangi nyekundu na ya kahawia, akaonja kwa macho, akaongeza ya kahawia. Kipande cha kwanza kilitoka kigumu kama soli. Wakakitupa kwenye ndoo ya maji, kikaelea.

"Hilo ni kandambili," alisema. "Tunaongeza mafuta ya kulainisha. Na chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Uzito. Na akiuma akute ladha."

Alisaga chumvi laini kama unga, akaikoroga ndani. Kipande cha pili, kilipopoa, Kimya alikipokea kiganjani na nywele zikamsimama. Kilikuwa baridi, chepesi kulegea, kikianguka pande zote mbili za kidole. Majini kilishuka polepole kikiegemea huku na huku, vilevile kama ini linavyoshuka. Mama Ndoana alikipaka damu iliyobaki kwenye karatasi ya bucha, akatengeneza viwili vingine.

"Sijawahi kutengeneza kitu hiki," alisema, "wala sijui kitafanya nini. Usije ukanilaumu." Akachomeka ndoana kubwa ndani ya kimoja, ncha ikafichwa ndani ya plastiki yenyewe. "Hivi hainasi kwenye visiki. Akikichukua, kwanyua ufito mara moja, kwa nguvu, ncha itoboe itokeze."

"Na nisipokwanyua?"

"Atakitafuna. Plastiki laini hawaitemi upesi, wanadhani ni nyama. Lakini wataitema. Mtu hawezi kudanganywa mdomoni milele."

*

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu walikuwa lamboni. Walikuja na mkokoteni, wavu wa mpini wa kukingia samaki, na pipa la plastiki lililojazwa maji nusu, kama watu wenye uhakika. Babu alivua viatu, akavipanga juu ya mwamba, akachukua ufito.

Kipande cha kwanza kilikatikia kwenye kisiki kabla ya saa mbili. Cha pili kilikaa majini muda mrefu, na kambare walikisukumasukuma wakakiacha, na Kimya akaanza kupumua. Kisha besi mdogo mlafi akakidaka, akakichana katikati. Saa nne kasorobo wakabaki na kimoja.

Hicho cha tatu Babu alikitupa vizuri kuliko vyote. Kilianguka kati ya visiki viwili bila kishindo, kikazama kikiyumba. Na Shangazi akaja. Maji yalikuwa maangavu, walimwona mzima: ule mgongo mpana, ile lebo. Alisogea mpaka pua ikagusa ini la plastiki. Alikaa hapo. Babu midomo ilikuwa ikitikisika bila sauti. Shangazi alikisukuma kidogo kwa pua, kama mtu anayesogeza sahani, akageuka, akaondoka.

Babu alikunja mshipi. Alikunja pole sana, na ndoana ilipofika mkononi aliishika muda mrefu.

"Basi," alisema. Hakuwa ananong'ona tena. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ufunguo wa kibanda uko juu ya kizingiti. Godoro ni langu, meza ni ya kituo, wasije wakachanganya. Na hii filimbi uichukue wewe, uwe unapuliza saa sita. Sauti yako hawaisikii, hii wataisikia."

"Babu, usiseme hivyo."

"Siku tatu umekaa na mimi juani. Wanangu mwenyewe niliwapigia simu, wakasema watanipigia. Wewe hukunidai hata neno. Mungu akulipe, maana mimi..."

"Ni mimi," alisema Kimya.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye ndoana.

"Wavu niliuweka juu chini. Jumatatu, nilipousugua. Jumanne nikakuta, nikaugeuza kabla sijafikiri. Jana nilimwambia mkuu, hakuniamini. Lakini Jumanne, kwenye mstari, ningesema mbele ya wote. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Babu. Sikusema."

Ndege fulani alilia upande wa pili wa lambo, akaacha. Babu Filimbi alimtazama usoni, na Kimya, kwa mara ya kwanza, hakuangalia viatu. Mzee hakuwa na viatu.

"Kwa hiyo siku tatu hizi," alisema polepole, "nilikuwa nakushukuru."

Aliweka ufito chini kwa uangalifu, kwa kuwa ulikuwa wa kuazima. Akapanda hadi kwenye mwamba, akakaa, akavaa viatu vyake, kimoja kimoja, akafunga kamba. Kisha akamgeuzia mgongo.

Kimya alibaki ukingoni. Saa yake ilisema saa nne na nusu. Alikuwa na kipande kimoja cha ini la plastiki, ndoo tupu, kisu alichokatia ini, na kitu kimoja ambacho alikuwa amekijua tangu Jumatano akakifukuza kila kilipomjia.

Siku tatu walikuwa wamemvizia Shangazi kwa ukimya. Walivua viatu, walinong'ona, waliziba midomo wasicheke, kama wanavyofanya wavuvi wote. Lakini Shangazi hakuwahi kulishwa kimyakimya hata siku moja. Katika lambo lile zima, yeye ndiye samaki pekee aliyejua kuitwa. Ini lisilogongewa ndoo lilikuwa kwake kitu tu kilichoanguka majini.

Na Kimya hakuwahi kugonga ndoo bila chakula. Hiyo ndiyo iliyomzuia. Ilikuwa ahadi ya kijinga, ya mtu na samaki, isiyoandikwa popote, ila alikuwa ameishika miaka miwili hata siku alizokuwa mgonjwa. Aliangalia mgongo wa Babu pale mwambani. Shati lilikuwa limeloa jasho katikati.

Alichuchumaa. Akagonga ndoo kwa mpini wa kisu. Moja. Mbili. Mkono ulitaka kuishia hapo. Tatu.

Sauti ilikwenda juu ya maji, ikagonga ng'ambo, ikarudi. Babu hakugeuka.

Kitu cha njano kilitoka kwenye visiki. Hakikuzunguka wala kusita. Kilikuja moja kwa moja, kama mtu aliyesikia jina lake kwenye foleni. Kimya, ufito mkono mmoja, alidondosha ini la plastiki kwa mkono wa pili, hatua tatu tu kutoka ukingoni, na Shangazi akapanda, akafungua mdomo ule mpana, akalidaka.

Mshipi ulitikisika mara moja. Kwanyua, alisema Mama Ndoana. Kwanyua mara moja, kwa nguvu.

Hakukwanyua. Hakuweza. Shangazi alikuwa amekaa pale pale, ini mdomoni, akitafuna, jicho moja likimtazama Kimya, akingojea kipande cha pili. Hivyo ndivyo walivyozoea: cha kwanza, halafu cha pili. Laiti wavu wa mpini ungekuwa karibu, angemkinga tu kama mtu anayeokota nguo iliyoanguka. Ulikuwa mwambani, kando ya Babu, hatua kumi na tano.

"Babu," aliita, ila sauti ilitoka kama kawaida yake, haikufika hata nusu ya njia.

Akaona taya za Shangazi zimesimama. Kitu hakikuwa sawa. Ladha ilikuwepo, ulaini ulikuwepo, ila hakikuisha. Jicho lile lilihama. Mkia ukapiga, na samaki akageuka kuelekea visiki, na ini likianza kumtoka pembeni mwa mdomo.

Kimya akakwanyua.

Aliisikia ncha ikitoboa plastiki na kuingia. Aliisikia mkononi, begani, na mahali pengine ndani asipopajua jina. Maji yalilipuka. Ufito ulijikunja hadi ncha ikagusa maji, gurudumu la mshipi likalia, na yeye akaburutwa akaingia majini mpaka magotini, akiwa hajui kama analia au anapiga kelele. Baadaye Babu alisema ilikuwa kelele. Alisema hakujua kwamba kile kifua kina sauti kubwa namna ile.

"Asifike kwenye kisiki!" Mzee alikuwa kando yake, majini, na viatu vyake, wavu wa mpini mkononi. "Mgeuze. Mlaze kulia. Legeza. Sasa vuta. Legeza, unamwua!"

Alivuta, akalegeza. Mara mbili Shangazi aliufikia ule mti mweusi, na mara mbili akarudi. Mwisho alilala ubavu, mdomo wazi, lebo ya njano juu, na Babu akamkinga kwa chini.

Walimweka kwenye pipa. Kimya alichomoa ndoana. Shavu lilikuwa limechanika kidogo, damu ikatoka kama uzi. Ini la plastiki alilitia mfukoni. Tumbo la Shangazi lilikuwa limebonyea. Mayai alikuwa amekwisha kuyaacha huko huko, kati ya visiki.

Mkokoteni waliusukuma pamoja kilimani. Babu alikuwa akisimama kila baada ya muda kuchota maji ya mferejini na kuyamwaga pipani, na viatu vyake vikilia kwa maji.

*

Gari la polisi lilikuwa tayari uani, dereva ameegemea mlango. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mkuu alichungulia pipani, akasoma namba ya lebo kwa sauti, akaisoma tena kwenye daftari.

"Alikuwa wapi?"

Babu Filimbi hakumtazama Kimya. Alisimama tu, akisubiri kama watu wengine walivyokuwa wakisubiri.

"Njooni," alisema Kimya.

Aliwapeleka wote bwawa la tatu, mkuu, polisi, mpishi, vibarua. Akautoa wavu, akaugeuza, akaurudisha juu chini. Maji yakaanza kupita kwenye kona kwa sauti ya kunywa. Mpishi akachukua sahani aliyokuwa nayo mkononi, akainama, akaipitisha kwenye tundu. Ilipita.

"Jumatatu niliuweka hivi," alisema. "Jumanne nikaugeuza, halafu nikanyamaza. Mzee hakufanya kitu." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa ile kelele ya lamboni, ila wote waliisikia.

Mkuu alimpa Babu mkono na kumwomba radhi. Babu aliutoa mkono wake, macho hakuyatoa. Kwa Kimya mkuu alisema aandike maelezo, mengi kadiri awezavyo, na kwamba mengine yataamuliwa na watu wa juu. Gari likaondoka. Kisha filimbi ikalia saa sita, kama siku zote, na watu wakaenda kula.

Alikuwa bado hajajibiwa maelezo yake ilipofika Jumatano iliyofuata. Alikuja kila asubuhi na ini, ini la kweli, akagonga mara tatu. Shangazi alikuwa chini kabisa, karibu na ukuta wa mbali, lebo ikionekana kama jani lililozama. Hakupanda. Vipande vya ini vilishuka vikiyumba hadi chini, vikakaa. Jioni Kimya aliviokota kwa wavu, vimegeuka vyeupe.

Langoni Babu alimwitikia salamu kwa kichwa. "Mjukuu wangu" hakusema. Alisema "dada", kama anavyowaambia wageni.

Jumamosi aligonga tena, na tena, mpaka akajiona anagonga bila kuhesabu. Nyuma yake viatu vikasimama. Alivijua kwa ule ukingo mweupe uliobaki baada ya maji kukauka.

"Hajaja?" aliuliza Babu.

"Bado."

Mzee alitazama maji. Shangazi hakutikisika.

"Usigonge sana," alisema, na akarudi langoni.